Wiki Sita za Kuinama

Tuseme ukweli mapema, mtu asije akanilaumu baadaye. Siku ile ya Februari mwaka 1975, Benigna aliposhuka kwenye Landrova ya ofisi ya kilimo na kumwendea mama mkwe wake amejikunja, uso chini, mikono imekumbatia tumbo, hakuwa na heshima yoyote moyoni. Alikuwa na maumivu. Ngozi ya tumbo lake ilikuwa imekatwa, ikavutwa, ikashonwa kutoka nyonga hadi nyonga, na daktari alikuwa amemwonya asithubutu kunyooka kabla ya wiki tatu. Aliona majani ya uani, akaona kizingiti, akaona miguu miwili ya kizee yenye visigino vilivyopasuka, akajua amefika nyumbani na kuna mtu anampokea.

Mwenye miguu hiyo alikuwa Ma Alistidia, mama yake Projestus, mjane aliyeishi peke yake Izimbya, aliyeletwa Muleba juzi yake ili amwuguze mke wa mwanawe. Alimtazama Benigna akija hatua kwa hatua, kichwa kinataka kugusa magoti, na machozi yakamlengalenga. Akamshika kichwa kwa mikono yote miwili. "Basi, mwanangu," akasema, "inatosha. Nimeona."

Benigna hakujua ameona nini. Alikuwa anataka kitanda tu.

Sasa ili uelewe kilichoonekana pale mlangoni lazima nikurudishe nyuma, na naomba usicheke kabla sijamaliza. Enzi zake Benigna alikuwa mwanamke wa kujaza mlango. Si mnene wa kusemwa, mnene wa kusifiwa. Projestus alikuwa bwana shamba, akizunguka vijijini kuwafundisha watu kuweka matandazo kwenye migomba, na wenzake ofisini walimtania kwamba asihangaike kuwapeleka wakulima kwenye shamba la mfano, awapeleke tu nyumbani wakamwone mkewe. Naye alijivuna, msimwone mpole vile. Watu wa huku mke akinenepa wanamsifu mume, utafikiri yeye ndiye aliyekula.

Lakini unene huo ulikuwa na ugomvi na magoti. Kwetu mwanamke humpigia magoti mama mkwe anapomsalimu, hilo halina mjadala, uwe Mkatoliki uwe Mlutheri, uwe umesoma au hukusoma. Benigna alikuwa akipiga, kwa shida lakini akipiga, mpaka Desemba ya mwaka 1962, siku ya sherehe za Jamhuri, pale Izimbya kwenye kibanja, yaani shamba la migomba, cha wakwe zake. Alipiga magoti mbele ya Ma Alistidia na mbele ya wageni wote, akasalimu vizuri, kisha akashindwa kuinuka. Akajaribu tena, wapi. Mwishowe Projestus na baba zake wadogo wawili walimshika makwapani wakamwinua, huku watu wanacheka mpaka lubisi, ile pombe ya ndizi, inawamwagikia vifuani. Aibu ile Benigna aliimeza, lakini aliapa kwamba hatapiga goti tena mbele ya binadamu, na hata kanisani akahamia benchi la nyuma ambako hakuna anayemtazama mwenzake.

Kuanzia hapo alimsalimu mkwewe akiwa amesimama, anashusha shingo kidogo, basi. Ma Alistidia alilipokea vibaya. Hakumwambia Benigna mwenyewe kitu. Aliwaambia wengine wote. Alisema wenzake Uhuru umewaletea shule na zahanati, lakini kwake yeye umemwingia mukamwana wake, mke wa mwanawe, magotini. Maneno hayo yalipanda basi Izimbya yakashuka Muleba, na Benigna aliyapata yakiwa bado ya moto. Kwa miaka kumi na miwili wanawake hao wawili walisalimiana kama watu waliokutana foleni ya posta.

Mwaka 1972 vidonda vya tumbo vilimbana Benigna mpaka akatapika damu. Daktari Mushumbusi, mtoto wa huku huku aliyesomea upasuaji ng'ambo, akamkata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula ili kumwokoa. Akapona, tena vizuri. Ila tumbo alilobakiwa nalo lilikuwa la ndizi mbili na kijiko cha maharage. Akiongeza ndizi ya tatu, linagoma. Miaka miwili ikapita anapungua tu, mpaka magauni yakawa yanamzunguka kama yamemsahau.

Mwili uliondoka, ngozi ikabaki. Ilimning'inia mbele kama aproni hadi mapajani, na mvua zikianza ilitoka vidonda kwa chini na kumwasha mchana kutwa. Alikuwa akiikunja na kuifunga kwa kanga ili aweze kupalilia. Majirani nao, Mungu awasamehe, walinong'ona kwamba bwana shamba anahangaikia matumbo ya wilaya nzima na kumnyima mkewe. Ndipo Daktari Mushumbusi alipomwita tena hospitalini, akaishika ile ngozi kwa vidole viwili, akaipima hivi na hivi mithili ya mama anayechagua kitambaa dukani, akasema hii inakatwa.

Basi ikakatwa. Ikahitajika mtu wa kumwuguza nyumbani, kwa maana Georgina, binti yao wa pekee, alikuwa shule ya bweni, na Projestus mwenyewe alikuwa mtaalamu wa migomba ambaye hajawahi kumenya ndizi. Akamwandikia mama yake. Na mwanamume mzima hawezi kumwandikia mama yake habari za ngozi ya tumbo la mkewe, haiandikiki. Aliandika kwamba Benigna amefanyiwa operesheni ndogo, ana hali ya kuridhisha, tafadhali uje. Ma Alistidia akaja bila kujua ni operesheni gani, na alichokiona mlangoni ni mkwe mwenye kiburi cha miaka kumi na miwili anamjia ameinama mpaka chini. Wewe ungedhani nini?

Amani ikaanza siku ile ile. Bibi aliyezoea kumtumia Benigna salamu za mkato sasa alimpangia mito chini ya magoti, kwa sababu daktari alitaka alale magoti juu ili mshono usivutike. Alimpondea ndizi kwa supu ya samaki mpaka zikawa laini, akamlisha kijiko kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti kama anamlisha mtoto. Sahani ikibaki nusu alinuna kidogo, kisha akaimalizia mwenyewe, maana hakuna chakula cha kutupa. Baada ya wiki mbili aliyekuwa akinenepa ni muuguzi.

Siku ya pili alimfungua mkaja, ile bandeji pana aliyofungwa tumboni, ili amwoshe. Aliutazama mshono kwa muda mrefu. Halafu akauliza mbona kitovu hakipo mahali pake. Benigna akamweleza kwamba ngozi ilipovutwa kwenda chini, ilibidi daktari akitafutie kitovu makazi mapya. Ma Alistidia akaketi kitandani. Kipindi hicho ilikuwa Operesheni Vijiji. Nchi nzima watu walikuwa wanahamishwa na kupangwa kando ya barabara, na huku kwetu kila mwenye kibanja alikuwa anasali asiguswe. Bibi akasema kwamba serikali kuhamisha watu amesikia, lakini hakujua kama wameshafika kwenye vitovu.

Benigna akacheka, na hilo lilikuwa kosa kubwa. Kicheko kilimvuta mshono wote kutoka kushoto hadi kulia, akakumbatia mto, akalia na kucheka kwa pamoja. Ma Alistidia alimsihi anyamaze, huku yeye mwenyewe mabega yanatikisika. Hawakuwahi kucheka pamoja kabla ya siku hiyo.

Kisha likaja suala la ile ngozi yenyewe. Bibi alitaka kujua imezikwa wapi. Kwake yeye, kitu kilichotoka kwenye mwili wa mtu wa ukoo huzikwa kwenye kibanja cha ukoo, chini ya mgomba, kama alivyozika kondo la nyuma la kila mjukuu wake, na hakuona sababu ya ngozi kubwa kama ile kuachwa ugenini. Akamwagiza Projestus aende hospitalini akaidai. Projestus, ambaye aliwahi kubishana na wakubwa wa mkoa kuhusu mbegu na akashinda, hakuthubutu kumbishia mama yake. Aliondoka asubuhi, hakupanda basi la hospitalini, akakaa Muleba mjini kutwa nzima, akarudi na kusema kwamba masista wameshaizika kwa heshima zote. Ma Alistidia akauliza kama padre alikuwepo. Projestus akasema alikuwepo, na Jumapili iliyofuata akaenda kuungama.

Siku ya tano ndipo Benigna alipoijua asili ya mapenzi yale. Jirani yao Klaudia alikuja kumpa pole, na kabla hajaingia chumbani alizuiwa sebuleni apewe habari kwanza. Ukuta ulikuwa mwembamba. Benigna alimsikia mkwewe akieleza kwamba mukamwana wake amebadilika kabisa, siku hizi hapokei hata maji bila kuinama, hata akienda chooni anapita mbele yake ameinama, adabu iliyopotea tangu Jamhuri imerudi yote. Klaudia alikuwa anaitikia tu "waitu, waitu" kwa mshangao.

Kumbe. Damu ilimpanda Benigna. Kwa hiyo ile mito, zile ndizi za kupondwa, lile neno "mwanangu" la kutwa mara kumi, yote hayo alikuwa analipwa kwa heshima ambayo hakuitoa. Alitaka kupaza sauti pale pale aseme kwamba si adabu, ni nyuzi. Mdomo alikuwa ameshaufungua. Lakini mlango ukafunguliwa na Ma Alistidia akaingia na beseni la maji ya vuguvugu, akakaa chini kwenye mkeka, akauweka mguu wa Benigna mapajani kwake na kuanza kumkata kucha, maana aliona zimerefuka na mgonjwa hawezi kuzifikia.

Mama yake mzazi Benigna alifariki yeye akiwa na miaka sita. Tangu hapo hakuna mwanamke aliyewahi kumkata kucha. Alilala pale akisikia wembe unapita taratibu kwenye kidole gumba, akafumba macho, na yale maneno aliyokuwa ameyaandaa akayameza moja moja. Akajiambia atasema kesho.

Kesho hakusema, na kesho kutwa hakusema. Nanyi msimhukumu haraka. Kila siku iliyopita ilimwongezea kitu cha kupoteza. Walianza kusali rozari pamoja mchana. Bibi akamsimulia jinsi alivyofungiwa ndani na kunenepeshwa kabla ya harusi yake, akashushiwa maziwa mpaka akawa analia akisikia mlio wa kibuyu, na jinsi alivyomwogopa mama mkwe wake mwenyewe hata akawa anajificha kwenye mibuni. Benigna naye akamsimulia mambo ambayo hata Projestus hajawahi kuyasikia. Alianza kumwita Mae, mama, bila kujilazimisha, na lilimtoka vizuri mdomoni.

Wiki ya nne mshono ulikuwa umekauka. Asubuhi moja Ma Alistidia alikwenda misa, na Benigna akatoka uani peke yake, akashika kamba ya nguo, akajinyoosha kidogo, akasikilizia. Haikuuma. Akajinyoosha zaidi, taratibu, pingili moja baada ya nyingine, mpaka akasimama wima kabisa. Aliona paa la nyumba ya Klaudia. Aliona mibuni imeshaanza kubeba matunda mabichi. Halafu akatazama chini ajione tumbo, na tumbo halikuwepo. Alikuta miguu yake yote miwili imetulia pale chini, mizuri tu, hakuwa ameonana nayo miaka ishirini. Furaha ilimjaa hata akaanua nguo zote kwenye kamba, hata zile mbichi.

Ndipo akasikia mtu anakohoa nyuma ya nyumba. Alijikunja kama kisu cha kukunja, nguo zikamwangukia miguuni. Ma Alistidia akatokea kwenye kona, akasema alikuwa amesahau rozari yake, akaokota zile nguo moja moja, akamshika mkono na kumrudisha kitandani. Benigna alikwenda naye ameinama, na safari hii, jamani, hakuna kilichokuwa kinamuuma isipokuwa dhamiri.

Kuanzia siku hiyo akaishi maisha mawili. Kwenye kibanja, nyuma ya migomba, alikuwa mwanamke mrefu. Akivuka kizingiti anakuwa mkunjo. Mara nyingine alijichanganya. Alimwinamia Klaudia, ambaye alifurahi sana. Alimwinamia balozi wa nyumba kumi, Rwegasira, aliyekuja kuuliza mgonjwa atarudi lini kwenye shamba la kijiji, na Rwegasira akaona haya, akasema apumzike tu hata mwaka. Siku moja alimwinamia mbuzi.

Projestus alimgundua mapema. Alimkuta jikoni amenyoosha mkono juu ya kabati, mzima kabisa, akataka kumpongeza. Mara mama yake akaingia, Benigna akaporomoka kiunoni, na Projestus kwa hofu akaanza kuita watu walete maji. Ilibidi mkewe amweleze baadaye, wakiwa wawili. Projestus alisikiliza kwa uso wa kiofisi. Akasema jambo hili ni jepesi, ni la kumwambia mama ukweli. Benigna akamwambia basi amwambie yeye. Hapo Projestus akakumbuka kwamba ana kikao cha mbolea katika kijiji cha mbali, akatoka na kofia mkononi.

Utani kando, mwanamke alikuwa anateseka. Mgongo ulianza kumuuma kuliko tumbo lilivyowahi kumuuma. Na zaidi ya mgongo kulikuwa na hofu, ambayo alikuwa akiitafuna pamoja na zile ndizi zake mbili. Akinyooka, Ma Alistidia atajua kwamba hakuheshimiwa hata siku moja. Kwamba aliwatangazia watu wa parokia nzima adabu ambayo ilikuwa ni jeraha. Atajiona amechezewa. Atafunga kanga yake kiunoni arudi Izimbya, na safari hii maneno yatakayopanda basi hayatakuwa ya utani. Benigna aliweza kuvumilia kuitwa mwenye kiburi, alishazoea. Asingeweza kuvumilia kuitwa mwongo na mtu aliyemkata kucha.

Wiki ya sita ikafika siku ya kurudi kwa daktari. Projestus alimpandisha basi la asubuhi, na Ma Alistidia alibaki mlangoni akiwatazama. Hospitalini Benigna aliingia chumba cha daktari ameinama kwa mazoea. Daktari Mushumbusi akamlaza, akaubonyeza mshono, akaridhika, akamwambia asimame. Akasimama wima mbele yake kama mlingoti. Daktari akamtazama, akautazama mlango aliouingilia, akauliza kulikoni.

Benigna akasema yote. Hakuacha hata mbuzi. Daktari alicheka mpaka akavua miwani akaifuta, lakini alipoivaa tena uso ulikuwa umebadilika. Akamweleza kwamba kovu sasa linakomaa, na linakomaa kwa umbo analolipa. Akiendelea kujikunja litakazana hivyo hivyo, na mgongo nao utazoea, na hapo hakutakuwa na dawa. "Nimekukata mara mbili, Ma Benigna," akasema. "Mara ya tatu sikukati kwa ajili ya mama mkwe."

Njia nzima ya kurudi alikaa kwenye basi mgongo umenyooka, anapanga maneno. Alipanga ya kuanza kwa kumsifu, akayaacha. Alipanga ya kumsingizia Projestus na barua yake, na hayo yalimpendeza kidogo, lakini nayo akayaacha. Basi likakaribia Muleba. Mimi ningekuwa yeye ningepitiliza mpaka Biharamulo. Yeye aliteremka.

Alitembea kutoka barabarani hadi nyumbani bila kuinama hata mara moja. Kila hatua alihisi mwili unataka kujikunja wenyewe, anaukatalia. Alipoingia uani alimkuta Ma Alistidia ameketi mlangoni kwenye kigoda, amevaa gauni lake la kanisani na viatu, furushi limefungwa vizuri miguuni pake. Bibi akainua uso taratibu, kuanzia miguuni, kupitia lile tumbo lisilokuwepo, mpaka akafika machoni. Hakuonekana kushangaa.

Benigna akasimama mbele yake. Maneno yote ya kwenye basi yalimtoka kichwani, likabaki lile baya kuliko yote. "Mae," akasema, "sikuwa nakuheshimu. Nilikuwa naumwa."

"Najua," akasema Ma Alistidia. "Nani alikuwa anakuosha?"

Kisha akasema, huku akiutazama uzi wa furushi, kwamba siku ya kwanza tu ndiyo aliyodanganyika, na alifurahi sana siku ile, hakatai. Siku ya pili alipofungua mkaja na kuuona ule mshono alielewa kila kitu. Amezaa watoto tisa na kuzika watano, atashindwaje kujua mtu anayeinama kwa kidonda. Na ile asubuhi ya nguo alimwona. Alirudi kuchukua rozari, akamkuta amesimama kwenye kamba, mrefu, anachekea miguu yake. Alirudi nyuma ya nyumba, akasimama pale akifikiri, halafu akakohoa.

Benigna alimtazama, hakuelewa. Akamkumbusha kwamba aliwaambia watu ni adabu, alimwambia hata Klaudia. Bibi akajibu kwamba angemwambia Klaudia ni kidonda, Klaudia angeuliza kitapona lini.

"Sasa kwa nini hukuniambia mimi, Mae?"

Ma Alistidia aliikaza kanga mabegani. Kwa mara ya kwanza tangu aje Muleba, alionekana mzee kweli.

"Ningekuambia," akasema, "ungekuwa umepona."

Hapo ndipo Benigna alipoliona lile furushi sawasawa. Aliiona nyumba ya Izimbya, jiko lake lenye mafiga yaliyopoa, ndizi mbili za mtu mmoja kwenye chungu cha watu kumi. Wiki sita yeye alikuwa anainama asiachwe, na wiki sita mwenzake alikuwa anamwacha ainame kwa sababu hiyo hiyo. Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke mpaka kidevuni, hakuyafuta.

"Sijapona, Mae," akasema. "Daktari kasema bado. Kasema nahitaji mtu wa kuniangalia, tena kwa muda mrefu."

Ma Alistidia alimwangalia kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, mwanamke mzima aliyesimama wima katikati ya uani, hana homa, hana bandeji, mashavu yamelowa.

"Ndiyo," akasema, "naona una hali mbaya."

Akainuka kwenye kigoda, akaokota furushi lake, akaingia nalo ndani.